Katekista wa Uani kwa Bi Hamisa

Temeke, Dar es Salaam
9 Februari 1953

Kwa Shangazi Kokushubila, Mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama, Bukoba

Shikamoo Shangazi,

Nimefika. Meli ilinitapisha, garimoshi likanivisha vumbi, lakini nimefika, na Bwana ameanza kazi kabla sijafungua sanduku. Barua hii uisome ukiwa umeketi.

Nimepata chumba huku Temeke katika nyumba ya mama mmoja wa Pwani aitwaye Bi Hamisa, mjane, Mwislamu, mkali kidogo kuhusu maji, ila mtu mwema. Nilimweleza kwamba mimi ni katekista, nimetumwa na akina mama wa kwetu kuanzisha sala mitaa hii isiyo na kanisa, na kwamba Jumapili nilitaka kuwasomea watu uani kwake. Akauliza nitawaita wangapi. Nikasema mtaa mzima. Akanitazama sana, akauliza kama nitawatosha. Nikamjibu kwamba nilichokuja nacho kinatosha dunia nzima na kitabaki. Basi akatoka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kutangaza.

Shangazi, jana walikuja watu sitini. Nimewahesabu mara mbili. Waliingia kwa adabu, na wengi walinawa mikono kabla ya kuketi, nikaguswa mno na usafi huo mbele ya Neno. Nilianza saa nane na nusu. Nikasoma uumbaji, nikasoma gharika, nikaimba. Hakuna aliyetoka. Saa kumi nikafunga kwa sala nikidhani wamechoka, nao wakabaki palepale, wengine wakitazama mlango wa jikoni. Nikaona kiu yao. Nikafungua kitabu tena, nikawapa Yusufu na ile njaa ya Misri. Hapo walisikiliza kwa namna ambayo sijapata kuona.

Mama mmoja mnene aliyeketi nyuma aliuliza, "Bado?" Nikamjibu, "Bado, mama. Mema yote yako mbele." Akatulia. Aliuliza hivyo mara tatu, nami nikampa jibu lilelile. Jua lilipokuwa linazama ndipo walipoanza kuinuka mmoja mmoja, wakinong'ona, na nyuso zao nzito kwa mawazo.

Nayakumbuka masharti ya chama. Mmeahidi kunilisha na kunivisha hadi mwisho wa Agosti. Nisipokuwa na watu ifikapo siku hiyo, narudi nyumbani kuuza chumvi dukani kwa Baba mdogo Adelard, na Wilbert anachukua nafasi yangu. Mwambie Wilbert asifunge mizigo.

Mwanao,
Ansbert


Bukoba
3 Machi 1953

Mwanangu Ansbert,

Barua yako niliisoma nimeketi, kisha nikasimama, kisha nikaisoma mbele ya watu wote baada ya Misa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka padri akatoka sakristia kuuliza nani anaolewa. Wilbert amefungua mizigo, na mama yake hanisalimu.

Aliyekunja uso ni Demetria peke yake, makamu wangu. Unamjua. Aliuliza inakuwaje watu sitini wa Pwani, walioswali tangu babu zao, wageuke alasiri moja kwa ajili ya kijana aliyetolewa kwaya kwa kuimba vibaya. Nikamwambia hata mitume walianza ghafla. Akasema mitume hawakuimba.

Sasa sikiliza. Tumenunua bafta nyeupe na tunakata mashuka sitini ya ubatizo, moja kwa kila mtu, marefu, yafunike mpaka miguuni. Demetria mwenyewe anayapiga upindo kwa uzi wa buluu, maana hata akikunja uso mkono wake haulali. Yatakuja na karani mmoja anayerudi kazini huko. Wewe tuletee majina ya wote sitini, tuwaombee mmoja mmoja kila Ijumaa.

Na ule mboga.

Shangazi yako,
Kokushubila


Temeke
25 Machi 1953

Shikamoo Shangazi,

Nimeipokea barua yako kwa furaha na hofu ya Mungu.

Masika yameanza. Mvua za huku hazina huruma, njia zote ni tope, kwa hiyo mahudhurio yamepungua kidogo. Waliobaki ni watu wa uhakika kabisa. Jumapili iliyopita wimbo ulikuwa na sauti ya kwanza na ya pili, na zilipatana vizuri kuliko nilivyotazamia.

Majina nitayaleta. Tatizo ni kwamba watu wa huku wana haya, hawapendi kuandikwa. Kuhusu mashuka, nawasihi msijisumbue. Huku kuna joto sana.

Nakula mboga.

Mwanao,
Ansbert


Temeke
26 Aprili 1953

Kwa Bi Kokushubila,

Salaam zikufikie huko kwenye baridi. Mie ni Hamisa binti Marijani, mwenye nyumba anayokaa mwanao Ansbert. Anayeandika ni Jabiri, fundi cherehani wa barazani kwangu, kwani mie na kalamu hatukupatana tangu utoto. Ansbert hajui kama nakuandikia. Ametoka kutafuta Wakristo, kama anavyowatafuta kila siku, na kila siku huniletea matope tu.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kweli kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kuna maradhi gani yanakuja?

Jumanne alikuja bwana mmoja wa garimoshi akaniachia furushi. Kamba ilikuwa imelegea, nami nikachungulia. Bafta nyeupe, vipande sitini, virefu kama mtu, havina mikono wala shingo. Bibi wewe, unajua na mie najua bafta nyeupe ya namna hiyo ni ya nini. Sanda sitini, na mtaa wetu una nyumba arobaini! Jirani yangu Tabu alipoziona alikwenda moja kwa moja Kunduchi kuaga nduguze. Mzee Sadallah wa nyumba ya pili, ambaye miaka sita hakusema na kaka yake, alimfuata asubuhi kumtaka radhi. Watu hawalali.

Nilimbana Ansbert. Akaketi chini, akasema nguo hizo ni za wale sitini wa siku ya kwanza, mlidhani wamekuwa Wakristo. Wale? Wale walikuwa wanangoja ubwabwa. Huku kwetu ukimwalika mtu uani kwako akae akusikilize unasoma, ukishafunga dua unapakua. Hata mtoto anayetambaa anajua. Nilimuuliza utawatosha, akanijibu kitatosha dunia nzima, nikadhani kaficha magunia ya mchele mahali. Watu wakakaa na njaa yao mpaka magharibi, na yeye anawasomea habari za njaa. Tabu anauliza bado, yeye anamwambia mema yako mbele. Tabu hajanisamehe hadi leo, maana mie ndiye niliyemwita.

Tangu siku hiyo anasali peke yake. Kila Jumapili anapanga viti kumi na viwili, anasoma, anauliza maswali ya dini yenu, kisha anakwenda kukaa kiti cha mbele anajijibu. Akiimba, anaimba sauti ya kwanza mpaka mwisho, anavuta pumzi, anarudia sauti ya pili. Zote mbili hazifai. Lakini si mtu mbaya, na maji anateka bila kuambiwa.

Basi nijibu niwatulize watu.

Hamisa binti Marijani
kwa mkono wa Jabiri, ambaye naye angependa kujua kuhusu maradhi


Bukoba
14 Mei 1953

Ansbert,

Mwenye nyumba wako ameniandikia.

Nilimwendea karani wa boma, mtu wa Pwani, kumuuliza ubwabwa ni kitu gani, na kwa nini watu waungoje mpaka magharibi. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilisimama pale nimevaa nguo ya kanisani nikichekwa na serikali.

Barua hiyo nimeificha ndani ya gunia la kahawa, hata Demetria hajaiona. Kwa hiyo sasa waongo ni wawili, wewe na mimi, na mimi nilisema wangu baada ya Misa.

Nakuja. Nitafika Ijumaa tarehe 17 Julai. Jumapili yake nitaketi uani hapo na kuhesabu vichwa kwa kidole changu. Viti vikiwa vitupu, Jumatatu unapanda garimoshi pamoja nami, na Adelard atakuonyesha chumvi ilipo.

Mwambie mama huyo hakuna maradhi.

Kokushubila


Temeke
2 Juni 1953

Shikamoo Shangazi,

Ni kweli yote. Siku ya kwanza sikusema uongo, nilikosea tu kwa ushamba. Uongo ulianza katika barua ya Machi. Zile sauti mbili zote ni zangu.

Wakristo wa bara wako huku, Shangazi. Makuli, waashi, makarani. Nawajua kwa majina yao na kwa namna wanavyonikwepa. Kuna mmoja aitwaye Gaspar, karani wa bandarini, amepanga nyumba hiihii, chumba cha tatu kutoka changu. Akinisikia nikipanga viti, anapitia dirishani. Wamekaa miaka mingi bila mtu wa kuwauliza habari za sala, na sasa wanaona aibu kuanza upya mbele ya wenzao. Nimewaalika kila njia. Wananiambia kesho.

Sijui nitakuonyesha nani tarehe hiyo. Sitakodi watu, ingawa Jabiri amejitolea kunitafutia.

Lakini sitaki kurudi. Si kwa sababu ya Wilbert. Mwezi wa nne aliugua hapa kuli mmoja wa Ufipa, Albano, homa kali, hana ndugu. Aliniita. Nikakaa naye siku nne nikisali, na Bi Hamisa akileta uji. Alipopata nafuu aliniambia alichoogopa si kufa. Aliogopa kufa bila mtu wa kumwitikia Amina. Amesharudi kwao, kwa hiyo simhesabu. Lakini tangu siku hiyo nimejua kazi hii ni yangu, Shangazi, nikiimba vibaya au vizuri, na ukinitoa hapa sitakuwa na hamu na kitu kingine.

Huu ni mwezi wa mfungo. Bi Hamisa hapiki mchana, na biskuti zinalia mno chumbani mtu akizitafuna kwa siri. Basi nami nimefunga.

Mwanao,
Ansbert


Temeke
20 Julai 1953

Demetria,

Ulikuwa sahihi nami sikuwa sahihi. Sentensi hiyo usimsomee mtu.

Hapakuwa na watu sitini. Watu walikuwa wanangoja chakula ambacho Ansbert hakujua anatakiwa kukipika, na mimi nimelijua hilo tangu Mei nikakuficha. Unikasirikie nikirudi. Sasa sikia ya jana.

Saa tatu asubuhi niliketi uani. Ansbert alikuwa amepanga viti kumi na viwili, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na amekonda, Demetria, shingo inacheza ndani ya kola. Hakuja mtu. Tukangoja. Nilianza kutafuta tiketi zetu mkobani ili nisimtazame usoni.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akaingia mama mnene ndani ya buibui, anaitwa Tabu, akiwasukuma wanaume wawili mbele yake. "Hawa wangu," akasema, akawaketisha. Nyuma yake mzee mmoja, Sadallah, na watatu. Kisha wenye nyumba wengine wa mtaa, kila mmoja na wapangaji wake. Wa mwisho alikuwa Bi Hamisa amemshika mkono wa koti bwana mmoja mwenye tai, na huyo ndiye Gaspar, karani anayepitia dirishani. Viti havikutosha, wengine wakaketi juu ya vinu. Nilihesabu kwa kidole. Ishirini na sita.

Nikamuuliza Gaspar imekuwaje. Alinieleza kwa hasira ya mtu msomi. Baada ya Idd wenye nyumba wote walikutana wakapatana kwamba mpangaji Mkristo asiyesali Jumapili atafute chumba mtaa mwingine, kwa sababu mtu asiyemwogopa Mungu kwa njia yoyote hafai kuishi na watu. Alisema ameishi hapo miaka saba akidhani hakuna anayejua dini yake. Bi Hamisa akadakia kwamba alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa anangoja tu aone aibu.

Wenye nyumba hawakuondoka. Walisimama mlangoni, mikono kiunoni, kulinda asitoroke mtu. Katikati ya masomo Gaspar aliomba kwenda chooni, na Tabu akamfuata akamsubiri nje.

Kisha wimbo. Ansbert akaanza sauti ya kwanza, vibaya kama unavyomjua. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza nikaona amevuta pumzi, kumbe amezoea kurudia mwenyewe sauti ya pili. Lakini sauti ya pili ilikuwa imeshaanza. Alikuwa Gaspar. Anaimba vizuri mno, nadhani aliwahi kusoma seminari. Wengine wakaingia, mmoja mmoja, wanaume wazima ambao hawajaimba miaka mingi, wanatafuta maneno. Ansbert alisimama na kitabu wazi, hakuweza kuendelea. Nami nililia, sitakuficha na hilo.

Sasa kuhusu mashuka. Nilipoinua macho kujifuta niliona watoto wa mtaa wanapita, kila mmoja na kanzu nyeupe, na kwenye pindo uzi wa buluu. Mshono wako, Demetria, ningeujua hata gizani. Mtaa ulikataa kulala na sanda, basi fundi Jabiri akazigeuza kanzu za Idd. Nguo zetu za ubatizo zimekwenda kuswali. Nilifoka. Bi Hamisa alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kama nitakula sasa au baadaye, maana ubwabwa umeiva. Nilikula sahani mbili.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza kwa nini amejisumbua hivi kwa dini isiyo yake. Akasema, "Mie dini yenu siitaki. Lakini mtu hawezi kujiitikia Amina peke yake kila wiki uani kwangu, na mie nina masikio."

Ansbert sijamwambia neno. Anateka maji na kunitazama kwa pembe ya jicho. Nimemwambia chama ndicho kitakachoamua, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeona mapema, wewe utakuwa wa kwanza kusema.

Kokushubila


Bukoba
24 Agosti 1953

Mwanangu Ansbert,

Tumekutana jana. Niliwaeleza akina mama yote kuanzia mwanzo, na uongo wangu nikautaja wa kwanza ili wa kwako uonekane mdogo. Nilipofika kwenye Yusufu na njaa ya Misri walianza kucheka. Nilipofika kwa Tabu na bado yake, mama yake Wilbert alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko, na nilipomwinua akalazimika kunisalimu.

Kisha Demetria akasimama. Alikunja uso, nami nikaanza kukuombea. Akasema Wilbert anaimba vizuri, ana mwandiko mzuri na kichwa chake kina akili. Akasema Wilbert angefukuzwa na mwenye nyumba wiki ya kwanza. Akasema huyu wa kwetu hajui kitu, lakini watu wamemwonea uchungu wakamfanyia kazi yake, na hilo hawezi kulifundisha mtu yeyote. Akaketi. Mikono yote ikainuka, pamoja na wa mama yake Wilbert.

Basi kaa huko. Si mpaka Agosti nyingine, kaa tu.

Sharti ni moja. Kila mwezi utaniandikia idadi ya kweli, hata ikiwa ni wewe na viti.

Bi Hamisa tumemwandika katika daftari la wasaidizi wa katekista, mara baada ya Demetria, ambaye alikataa kushushwa mstari. Tutamwombea kila Ijumaa. Muulize tumwombee nini.

Shangazi yako,
Kokushubila


Temeke
15 Septemba 1953

Kwa dada yangu Kokushubila,

Mie Hamisa, na Jabiri kashika kalamu.

Barua yako kwa Ansbert imefika na nimesomewa panaponihusu. Mmeniandika daftarini bila kuniuliza. Haya, nimekubali, kwani na mie wapangaji wenu niliwapeleka kusali bila kuwauliza. Ila tuelewane. Msiniombee nigeuke. Nimezeeka hivi nilivyo, na Mola wangu ananijua. Niombeeni magoti, hasa la kushoto, maana vuli inakuja.

Gaspar siku hizi anakuja mwenyewe bila kushikwa mkono. Tabu haamini, bado anamsindikiza. Jumapili iliyopita walikuwa kumi na tisa. Wengine walikuwa na kazi bandarini, nimekwenda kuhakikisha.

Sasa la mwisho. Ansbert alipomaliza kuisoma barua yako aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akaenda nyuma ya jiko akakaa huko mpaka nikadhani ameugua. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza ana nini, akanijibu ni moshi wa kuni.

Dada yangu, siku hiyo hatukuwasha moto.

Hamisa binti Marijani